Sista wa Taipu na Ndoa za Memori

Sista wa Taipu hakupenda watu wanaogonga vitu. Ukiipiga kompyuta kofi mbele yake, alikutazama kama umempiga mtoto wa watu, halafu anakwambia taratibu uiombe radhi. Nami niliomba. Nimeiomba radhi kompyuta, nimeiomba radhi printa, na siku moja nililiomba radhi jiko la mafuta ambalo wala sikuitwa kulitengeneza. Kijana mzima wa mjini, nina duka mtaa wa Mafiga, mlangoni nimeandikisha kwa rangi nyekundu INJINIA WA KOMPYUTA, na cheti changu cha kozi ya miezi mitatu nimekitundika juu kabisa, karibu na dari, mteja asije akakisoma. Na bado bibi mwenye miwani iliyofungwa uzi ananisimamisha mbele ya bati niombe msamaha.

Misheni ya masista ilikuwa juu, kwenye milima ya Uluguru, kwenye kabichi na ukungu, mahali ambapo gari inafika ikipenda. Nilipanda mara ya kwanza nikiwa nimevaa viatu vya ngozi vyenye ncha mbele, maana injinia havai kandambili. Nilifika nimevishika mkononi. Wasichana wa chuo cha masista wakanipokea kwa Tumsifu Yesu Kristo, nami, mtoto wa madrasa, nikaanza kuitikia salamu ya kwetu, nikajishtukia katikati, nikamalizia kwa amina. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sista hakucheka. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa ndala za bustanini na kusema twende kazini.

Alikuwa amefundisha taipu kwenye chumba kile tangu mimi sijui kuvaa suruali. Wasichana wa milimani walikuja kwake wakiwa na vidole vya jembe, wakashuka mjini wakiwa makarani. Yeye mwenyewe vidole vyake havikujua kupumzika. Ukizungumza naye, vilikuwa vinacheza juu ya goti lake, na ilinichukua muda kugundua kwamba anapiga taipu maneno yangu. Ukianza kuongopa, vidole vilisimama. Nilikuwa na tabia ya kueleza mambo ya Dar es Salaam kwa chumvi nyingi, kwa hiyo mbele yangu vidole vile vilipata likizo ndefu.

Halafu ruksa ya biashara ikaja, ikakolea. Milango ya nchi ikafunguliwa, kila kitu kikaingia: mitumba ya nguo, mitumba ya friji, mwisho mitumba ya kompyuta. Viwanda vya mjini viliuzwa, waliovinunua wakaleta watu wao na mashine zao, na ofisi zikatupa taipu nje kama makopo. Wasichana wa Sista walianza kurudi juu. Walikuwa wanaambiwa wanatafutwa wanaojua kompyuta. Aliwaona wakirudi mmoja mmoja na masanduku yao ya bati, akaandika barua Ulaya, na wafadhili wakampelekea kreti kubwa la kompyuta zilizokwishatumika.

Ndipo nilipoitwa. Mama Mkuu wa masista alikuwa mtu wa hesabu, na alikwisha sema: Sista apewe muda mpaka mkaguzi wa vyuo atakapopanda. Mkaguzi akikubali, chumba kitakuwa cha kompyuta na wasichana kumi walioandikishwa watasoma na kupata cheti kinachotambuliwa. Akikataa, chumba kitageuzwa cha cherehani na wale wasichana warudi makwao. Masharti ya mkaguzi yalikuwa mafupi: kila mwanafunzi na kompyuta yake, na zote ziwake mbele ya macho yake.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyokuja kuielewa, si kama nilivyojidai kuielewa siku ile. Ndani ya kompyuta kuna sahani kubwa ya kijani iliyobeba kila kitu, tunaiita mazabodi. Juu yake unachomeka memori, vijiti vyembamba vya urefu wa kitana, vyenye meno ya rangi ya dhahabu. Bila memori, kompyuta haiamki. Na zile za zamani zilikuwa na maringo. Memori hii inakubaliwa na mazabodi hii na kukataliwa na ile. Nyingine inakubaliwa nusu, unachomeka kubwa, kompyuta inaiona ndogo. Ikikataa kabisa inalia tii, tii, tii, na kioo kinabaki cheusi. Kwenye kreti la Sista memori zote zilikuwa zimemwagwa kwenye mfuko mmoja wa nailoni, kama dagaa, na hapakuwa na karatasi hata moja ya kusema nani anapatana na nani.

Mbinu zangu wakati huo zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuchomoa memori na kuisugua meno kwa kifutio cha penseli, nikigeuza mgongo kidogo ili mteja asione, kana kwamba ni dawa ya ukoo. Ya pili, ikishindikana, ni kusema ina virusi. Niliwahi kusema ina virusi kompyuta ambayo haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Na kumbukumbu zangu zote za nini kimekubali wapi zilikuwa kichwani, ambako zilikaa mpaka chakula cha mchana.

Sista alinitazama nikichomeka na kuchomoa siku nzima. Jioni akaniuliza tumejua nini leo. Nikamwambia tumepiga hatua. Vidole vikasimama.

Kesho yake alikuja na utaratibu. Kabla ya kufundisha taipu alikuwa ameketi miaka mingi kwenye ofisi ya parokia akijaza vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na kwa ufahamu wake vitu viwili vikiunganishwa vinaandikwa kwa namna moja tu. Kila kompyuta ikapewa jina la mtakatifu: Yosefu, Petro, Bartolomayo. Kila memori ikabandikwa kipande cha plasta chenye jina la kike: Agnesi, Lusia, Sesilia. Zilizopatana zilipigiwa cheti kwa taipu, kikabandikwa ndani ya kifuniko cha kompyuta. Bwana, mazabodi ya aina fulani yenye namba fulani. Bibi, memori ya ukubwa fulani. Mahali, tarehe, mashahidi. Shahidi nilikuwa mimi. Nadhani hakuna Mwislamu katika mkoa mzima aliyeshuhudia ndoa nyingi za Kikatoliki kuliko mimi.

Kulikuwa na matatizo ya kifiqhi, ya sheria za ndoa. Kompyuta za umri fulani hazikubali memori moja, zinataka mbili zinazofanana, zikae pamoja. Nilimwambia Sista hapa sasa mmekuja kwetu, Bartolomayo ana wake wawili. Baadaye nikakuta cheti kimeandikwa vizuri: Lusia ni bibi, na yule wa pili ni msimamizi wa harusi. Nikamuuliza huyo msimamizi ataishi humo ndani mpaka lini. Akasema wasimamizi wengine ni wakaidi.

Na hakuandika ndoa mpaka itangazwe mara tatu, kama kanisani. Tangazo la kwanza lilikuwa ni kuiwasha mchana penye jua, la pili alasiri mvua ikinyesha, la tatu alfajiri ukungu ukiwa umeingia mpaka chumbani. Mimi niliona ni mambo ya masista. Nilikuwa naleta Sesilia kwenye Petro saa saba mchana, inawaka vizuri, nafunga kifuniko, nakunja mikono. Asubuhi inalia tii, tii, tii. Baridi ya kule ilikuwa inaingia kwenye meno ya memori, na kitu kilichopatana kwa jua hakikupatana kwa ukungu. Nilipolielewa hilo nililitangaza kwa sauti kubwa kana kwamba nimeligundua mimi, na Sista akanishukuru kwa heshima zote.

Kitu nilichokicheka zaidi ni kwamba aliandika pia waliokataana. Agnesi na Petro: imekataa, imelia mara tatu. Sesilia na Yosefu: imekubali nusu. Nilimuuliza ni ukoo gani unaotunza orodha ya posa zilizokataliwa. Akasema, "Anayejua mlango uliofungwa hapotezi kutwa nzima kuubisha." Akaendelea kupiga taipu.

Ukisikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa kweli tupu. Mnh. Ungemwona siku ya wachuuzi wa kabichi. Walipopanda kutoka mjini na magunia yao, Sista aliwaapia kwamba kabichi zimekatwa asubuhi. Zilikuwa zimekatwa asubuhi ya jana. Nilimnong'oneza, akanijibu kwamba jana nayo ilikuwa na asubuhi. Akishuka mjini kuomba vyuma vibovu kwenye maofisi, alikohoa kikohozi ambacho milimani sijawahi kukisikia, na mabwana wakubwa walimpa hata vile ambavyo havijaharibika. Kwenye karata aliiba waziwazi. Mimi alinilipa kwa kabichi, na nilibeba nyingi hivi kwamba jirani zangu Mafiga walidhani nimeacha uinjinia nimekuwa mchuuzi.

Kwa wale wasichana tu hakuwa na mzaha. Wa kumi kati yao aliitwa Perpetua. Kwao kulikuwa mbali kuliko kwa wote, nyuma ya mlima mwingine, akafika siku uandikishaji umeshafungwa, miguu imevimba, na Sista akalifungua daftari akamwongeza chini. Alikuwa mkimya, lakini vidole vyake kwenye kibao cha herufi vilikwenda mbio kuliko vya wenzake wote. Sista alikuwa anasimama nyuma yake akisikiliza tu, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza redio.

Tulifikisha kompyuta kumi, zote zimetangazwa, zote zina vyeti. Ilibaki siku moja mkaguzi apande. Nilikuwa nimeshaanza kuwasimulia watu wa Mafiga jinsi nilivyoanzisha chuo.

Alasiri ile radi ikapiga. Umeme wa misheni ulitoka kwenye mtambo mdogo wa maji uliokuwa bondeni, na radi ikapanda na waya mpaka chumbani. Tulipofungua vifuniko, tisa zilikuwa salama. Bartolomayo alikuwa amekufa, mazabodi imeungua harufu inasikika mpaka jikoni. Lusia na msimamizi wake walikuwa wazima, wajane.

Stoo kulikuwa na kompyuta moja iliyobaki, ambayo ilikuwa imekataa kila kitu tulichoipa. Nilianza kuichomekea hovyo, hivi na vile. Sista akaniambia niache. Akaketi na karatasi zake za waliokataana, akawa anafuta kwa kidole: hii ilishakataa, hii ilishakataa, hii ilikubali nusu. Mwisho akasema memori pekee ambazo kompyuta hii haijawahi kuonyeshwa ni za Bartolomayo, kwa sababu ndizo zilizofunga ndoa kabla ya nyingine zote, na yeye hakutaka kuzichomoa hata kwa majaribio. Tukachomeka wajane. Ikawaka.

Nilirukaruka. Sista aliangalia dirishani, jua lilikuwa linazama, akasema haijatangazwa. Nikamwambia Sista, kwetu mambo yakiharibika, kijana na binti wakikutwa pamoja, wazee wanatandika mkeka hapohapo na ndoa inafungwa kabla jogoo hajawika. Hii tuifunge ya mkeka. Alicheka, na ni mara ya kwanza nilimwona akicheka mpaka akavua miwani. Lakini cheti hakuandika.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba mkaguzi tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa mtu mpole, amevaa shati jembamba la mjini, anatetemeka, anatamani kushuka. Wasichana walisimama kila mmoja nyuma ya kiti chake. Moja ikawaka, ya pili ikawaka, mpaka tisa. Perpetua alibonyeza ya kumi. Tii, tii, tii.

Mkaguzi akaniangalia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimevaa tai. Nikafungua mdomo. Mnajua nilitaka kusema nini. Nilitaka kusema ina virusi, nipe dakika tano, na naapa yule mtu kwa baridi ile angeikubali, angetia saini, angeomba chai. Lakini Sista alitangulia.

"Hiyo tumeiunganisha jana jioni kwa haraka," alisema. "Haijajaribiwa asubuhi hata mara moja. Siwezi kukwambia ni nzima."

"Kwa hiyo niandike haifanyi kazi?"

"Andika ulichokiona, mwanangu."

Akaandika. Kompyuta tisa, wanafunzi tisa. Alisikitika kweli, nilimwona, alisema mwakani wakiongeza moja wataongezewa nafasi moja. Akanywa chai yake akashuka.

Mama Mkuu alifurahi, chumba kimekubaliwa. Wasichana walilia na kucheka pamoja. Sista akalifungua daftari la uandikishaji. Wa mwisho kuandikwa ndiye wa kwanza kuondoka, hapakuwa na haki nyingine aliyoijua, na aliyeandikwa mwisho aliandikwa mwisho kwa sababu kwao ni mbali. Perpetua alisikiliza, akaitikia ndiyo Sista, akaenda kufunga sanduku lake. Aliondoka bila kumuaga mtu. Jua lilipotoka, kama saa nne hivi, msichana mwingine aliibonyeza ile kompyuta ya kumi, ikawaka, na haikuzima tena siku nzima.

Tulituma ujumbe kwa mkaguzi mjini siku ileile. Jibu likaja kwamba taarifa imeshapelekwa, tusubiri mwakani. Mwakani nafasi ya kumi ikaja kweli, lakini waliotumwa kumtafuta Perpetua nyuma ya mlima walirudi na habari kwamba ameshaolewa.

Chuo kiliendelea. Wasichana wakashuka mjini na vyeti vyao, nikawakuta maofisini, wakanicheka kwa ile amina. Mimi nami nilinunua karatasi nikaanza kuandika waliokataana, na duka langu likaanza kufanana na duka. Kila mtu aliyeisikia habari ya mkaguzi alimsifu Sista. Mapadri waliitolea mfano kanisani. Mimi mwenyewe nimeisimulia misibani na harusini, nikiipamba, na kila nikiisimulia natokea kuwa mtu mwema zaidi kidogo.

Mara ya mwisho nilimkuta kwenye nyumba ya masista wazee, chini kidogo ya misheni. Nilikuwa na pikapu kuukuu na nimepeleka sukari na sabuni. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini, na chini ya blanketi vidole vilikuwa havichezi. Nilidhani ni ugonjwa. Nikaanza kuzungumza kuchangamsha baraza, nikaileta ile habari ya mkaguzi, nikamwambia watu mpaka leo wanaitaja.

Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama Perpetua anajua kwamba ile kompyuta iliwaka saa nne.

Nikasema sijui.

"Nimekwenda kuungama," alisema. "Nimekwenda kwa padri huyu na kwa yule aliyemtangulia. Wote wananiambia kusema kweli si dhambi, hawawezi kuniondolea kitu ambacho si dhambi. Sasa hii nitaipeleka wapi, fundi?"

Nilitaka kumwambia alifanya sawa, lakini hilo alikwisha ambiwa na watu wenye kanzu, na halikumsaidia. Niliona uchungu na nikaona aibu kwa zile simulizi zangu zote. Mwisho nikamwambia nilichokijua. Perpetua siku hizi yupo mjini na mumewe, anauza mboga, anakaa mtaa wa nyuma ya kwangu. Tukipishana ananisalimu vizuri, lakini sijawahi kumsikia akiitaja misheni. Sijui atakupokea vipi. Gari iko nje, nikasema, na kiti cha mbele kiko wazi.

Sista aliliondoa blanketi magotini. Aliomba viatu vyake.